Laini Ni ya Nani?

Wapenzi wa Kiingereza wana mchezo wao wa kuhesabu: ni neno gani lenye maana nyingi kuliko yote? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "set". Kisha wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, katika kazi yao ya kuihariri upya, wakafika kwenye "run", na taji likahama: maana 645 kwa kitenzi peke yake. Watu huitaja namba hiyo kana kwamba ni utajiri wa Kiingereza. Mimi naona inatuambia zaidi kuhusu subira ya wahariri. Neno lolote la kila siku, ukikaa nalo vya kutosha, litajigawa mbele yako. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga picha, tunapiga kura, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. Angepatikana mtu wa kukaa na "piga" kwa miezi kadhaa, tungekuwa na hesabu yetu ya kujivunia.

Kwa hiyo kuhesabu maana hakunishughulishi sana. Swali langu ni hili: neno la Kiingereza lenye maana kibao linapoingia Kiswahili, huja na zipi, na zipi huachwa mlangoni? Nimechagua "line", ambalo kwetu limekuwa laini. Na nimechagua kulitazama kutokea Kahe, kusini-mashariki ya mji wa Moshi, kule chini ambako miteremko ya Kilimanjaro inaisha na tambarare inaanza. Ndiko kwa mama yangu. Pia ni mahali ambapo "line" za Waingereza na za wengine zimepita na kukutana kweli, si kwa mfano.

Tuanze na neno lenyewe. Mzizi wake ni Kilatini, "linum", yaani kitani, ule mmea unaotoa nyuzi. "Line" ya kwanza ilikuwa uzi wa kitani. Kutoka kwenye uzi huo Kiingereza kimevuta karibu kila kitu kirefu na chembamba: mstari wa daftari, mshororo wa shairi, foleni ya benki, kamba ya kuanikia nguo, mshipi wa kuvulia samaki, safu ya askari, kunyanzi usoni, ukoo, mpaka, njia ya reli, simu, hata aina ya kazi anayofanya mtu.

Soma tena orodha hiyo. Kiingereza kina neno moja. Mimi nimetumia zaidi ya kumi, na sikuhangaika kutafuta hata moja. Tulikuwa nayo. Mvuvi wa Pangani hakumngoja Mwingereza amfundishe jina la mshipi, wala mshairi wa Lamu hakukosa jina la mshororo. Ndiyo maana maelezo ya kawaida kuhusu maneno ya mkopo, kwamba lugha hukopa pale inapopungukiwa, hayatoshi hapa. Kama dhana ya kitu kirefu na chembamba tulikuwa nayo kwa majina yote hayo, laini imekuja kufanya nini?

Jibu langu nililipata kwa kuangalia ni wapi hasa laini ilikubaliwa kuingia. Kuna laini ya simu. Kuna laini ya umeme, ile wanayotutajia mafundi tukiuliza kwa nini kumekatika: hitilafu iko kwenye laini kubwa. Kuna laini za polisi, yaani zile nyumba za askari zilizopangwa safu, ambazo katika miji yetu mingi zimekuwa jina la mtaa. Kuna laini ya reli: wazee waliofanya kazi shirikani bado husema laini ya Tanga na laini ya Taveta, ingawa sisi wengine tunasema reli tu. Ukivuka kwenda Kenya, katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, laini ni makazi ya vibarua, safu za nyumba ndogo zinazomilikiwa na shamba. Na Nairobi, ndani ya Kibera, eneo lililoanza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni, kuna kijiji kinachoitwa Laini Saba.

Laini hizi zote zina mwenyewe, na mwenyewe si yule anayeitumia. Nyumba ya laini si ya askari anayelala ndani yake, wala si ya mchuma chai. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Umeme hukatwa na aliyeuleta. Waingereza walikwishalitumia neno hivyo India kabla ya kulileta huku: kambi za askari ziliitwa "lines", na miji kama Delhi na Lahore hadi leo ina mitaa iitwayo Civil Lines. Neno lilikuja na jeshi, polisi, reli, shamba kubwa na waya. Tulichokopa si umbo la uzi. Tulikopa jina la mpango wa mtu mwingine ambao sisi tunaishi ndani yake kwa ruhusa.

Sasa tuangalie upande wa pili, pale ambapo laini ilikataliwa. Miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wa Japani, jirani kabisa na Kahe, na pamoja na mifereji ya zege ukaja utaratibu wa kupandikiza miche ya mpunga kwa kamba, safu kwa safu. Teknolojia ngeni, wataalamu wageni, jina la mradi la Kiingereza. Lakini nenda Chekereni leo uulize mpunga unapandwaje, utajibiwa: kwa mistari. Hakuna anayepanda kwa laini. Maji nayo hayaji kwa laini. Yanakuja kwa mfereji, na huko juu mlimani mfereji una jina la Kichaga, mfongo, kwa sababu watu wa mlimani walikuwa wakichimba mifongo na kugawana zamu za maji kabla Mzungu wa kwanza hajauona mlima.

Mpira wa miguu ulikuja na Waingereza, lakini mpira hutoka nje ya mstari, na aliyeitwa "linesman" ni mshika kibendera. Siasa pia. Nchi huru zilizojipanga dhidi ya ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika, zikiongozwa kwa miaka mingi na Mwalimu Nyerere, kwa Kiingereza ziliitwa "Frontline States". Kwetu zilikuwa Nchi za Mstari wa Mbele. Huo ulikuwa mstari tuliouchora wenyewe na kusimama juu yake, na tuliuita kwa neno letu.

Msomaji makini atanipinga kwa mfano mmoja mkubwa, na ni haki yake: mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka pwani kuelekea Ziwa Victoria, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini. Hakuna "line" iliyowahi kuchorwa kibabe kuliko hiyo. Taveta ikabaki ng'ambo, Kahe ikabaki huku. Kwa hoja yangu, hiyo ndiyo ingekuwa laini kuliko zote. Lakini tunaiita mpaka.

Nimeufikiria mfano huu kwa muda. Nadhani sababu ni kwamba mpaka tulikuwa tunaujua. Huku kwetu kihamba na kihamba hutenganishwa kwa masale, ule mmea ambao pia hutumika kuombea msamaha. Walipokuja watu wa mbali na kuchora mpaka wao, lilikuwa jambo baya la aina tuliyokwisha kuifahamu. Simu, waya wa umeme na nyumba ya kupangiwa na mwajiri havikuwa na ndugu katika lugha. Kwa hiyo nairekebisha kauli yangu: laini huingia pale penye mambo mawili kwa pamoja, mpango mgeni na mmiliki aliye mbali.

Kahe yenyewe ilijengewa jina lake kwenye ramani na vitu vya namna hiyo. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 iliifikia Moshi, ikipita Kahe. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza wakawa wanatandika reli yao kutoka Voi kupitia Taveta, huku wakisonga mbele. Machi 1916 majeshi hayo mawili yalipigana Kahe. Baada ya hapo reli ya Waingereza ikaunganishwa na ya Wajerumani hapohapo, na Kahe ikawa makutano. Ukisoma historia za vita hivyo, utakuta Kahe imetajwa kama stesheni, kama daraja, kama mahali pa kupitia. Wakahe na lugha yao, Kikahe, ni vigumu kuwaona. Ndivyo "line" inavyofanya: huzipa jina nukta zinazoisaidia.

Hapa lazima niingize jambo ambalo Mwingereza hawezi kulijua, nalo ndilo linaloipa hadithi ya neno hili ladha yake. Kiswahili kilikuwa tayari na laini nyingine. Ni kivumishi cha asili ya Kiarabu, "layyin", chenye maana ya -ororo: kitambaa laini, ugali laini, sauti laini, maneno laini. Kutoka humo tuna kulainisha, na wote tunajua pia kulainisha kule kunakofanyika mezani kwa mkubwa ili faili litembee. Wanaisimu wataniambia hii ni homonimia na si polisemia, yaani ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti, na kamusi nzuri huyapa vidahizo viwili tofauti. Ni kweli. Lakini wasemaji hawatembei na vidahizo kichwani. Bibi yangu wa Kahe ana maelezo yake: ile kadi ya simu inaitwa laini kwa sababu ni nyembamba, ukiipapasa haikwaruzi. Kwa mwanaisimu, Bibi amekosea. Kwangu, Bibi ametoa ushahidi kwamba neno limehama kabisa kutoka kwa wenyewe.

Kwa sababu limehama kweli. Kwa Kiingereza cha Uingereza kile kipande cha plastiki na shaba huitwa "SIM". Ni sisi tulioamua kwamba hicho kipande ndicho laini. Na tukishaamua hivyo, tukaanza kuifanyia mambo ambayo uzi wa kitani haukuwahi kuyaota. Laini hununuliwa kwa vijana wa mwavuli pale stendi. Huwekwa na kutolewa. Huazimwa. Mtu ana laini mbili, moja ya vifurushi, nyingine ya pesa. Mwanafunzi ana laini ya chuo hata miaka mitatu baada ya kuhitimu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za aina yake zikafuata, laini imekuwa pia pochi, kibubu na benki: pesa ipo kwenye laini. Hizo ni maana zetu. Kama kuna fahari ya kuhesabu maana, hapa napo tuna la kuhesabu.

Lakini neno halikuusahau ukoo wake wa kambi na nyumba za kupangiwa. Mwaka 2019 serikali iliagiza laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba. Rais Magufuli akaongeza siku 20, na kuanzia 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana. Kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kutoka kwa tapeli asiyejulikana. Sina ugomvi na usajili. Nataka tu tuone usajili ulilifanya nini neno.

Vidole vya Bibi havikusomeka. Ameshika jembe tangu utoto. Mashine ilimwomba arudie kidole gumba, kisha cha shahada, kisha mkono mwingine, na kila mara ikakataa. Mjomba wangu akasajili laini ile kwa vidole vyake. Maisha yakaendelea. Bibi aliuza mpunga, akalipwa kwenye laini, akatuma ada, akapokea salamu. Mwaka 2023 Mjomba alifariki. Miezi michache baadaye simu ya Bibi ikadondoka mferejini na laini ikaharibika, ikiwa na shilingi 380,000 za mavuno. Nilimsindikiza mjini kuirudisha.

Binti wa dirishani alimwamkia vizuri, shikamoo Bibi, akaandika namba, akaangalia kioo, kisha akasema kwa upole: "Bibi, hii laini si yako."

"Marahaba mjukuu wangu," Bibi alisema, kana kwamba bado wako kwenye salamu. "Nimeitumia miaka yote hii. Watu wananipigia kwenye hiyo. Si yangu vipi?"

"Ni ya huyu," binti akataja jina la Mjomba. "Aje mwenyewe aweke kidole."

Simlaumu binti yule. Alikuwa sahihi kisheria, na alituelekeza vizuri tuliposema mwenyewe amezikwa: ukoo ukae, uteue msimamizi wa mirathi, muhtasari upelekwe Mahakama ya Mwanzo, barua ya mahakama iletwe. Tukafanya hivyo. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao cha ukoo, na katika orodha ya mali za marehemu, chini ya ng'ombe wawili na baiskeli moja, niliandika kwa mkono wangu: laini ya simu, moja. Bibi alikaa pembeni akisikiliza mali yake ikisomwa kama mirathi ya mwanawe.

Pesa ilipatikana, baada ya miezi mitano. Lakini sijaacha kufikiria zile sentensi mbili za dirishani, "si yako" na "si yangu vipi", kwa sababu wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili fasaha na walikuwa wakitumia neno moja kwa maana mbili. Kwa Bibi, laini ni kitu unachokimiliki kwa kukitumia, kama njia ya miguu inayopita shambani: anayepita kila siku ndiye mwenye njia. Kwa binti, laini ni jina kwenye kioo. Hakuna kamusi niliyoifungua inayoniambia kwamba maana hizo mbili zipo, achilia mbali kwamba zinaweza kugombana juu ya shilingi 380,000.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kwa watunga kamusi, na pia kwa sisi tunaopenda kujadili maneno. Tumezoea kushughulika na asili: hili la Kiarabu, hili la Kibantu, hili la Kiingereza, hili sanifu, hili la mtaani. Baadhi yetu hukerwa na maneno ya Kiingereza na kutaka yatafutiwe mbadala. Wengine hufurahia kila mkopo kama dalili ya uhai. Pande zote mbili hutazama mlango neno lilipoingilia, kisha huondoka. Neno hubaki ndani likifanya kazi.

Tarehe ile ya 20 Januari 2020 inatoa mfano mwingine. Kwa Kiingereza ingeitwa "deadline". Mwaka 1864, katika gereza la wafungwa wa vita la Andersonville huko Georgia, Marekani, "dead line" ilikuwa uzio mfupi ndani ya ukuta. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Waingereza na Wamarekani wamesahau, wanaitumia kwa tarehe ya kukusanya insha. Sisi tulitafsiri siku ya mwisho, neno safi, halina damu. Tafsiri nzuri kabisa. Lakini wazee wengi wa Kahe ambao laini zao zilizimwa hawakusema siku ya mwisho imepita. Walisema: wamenifungia. Nani? Wao. Sarufi ilijua kwamba kuna mtu upande wa pili wa uzi, hata kama jina lake halikutajwa.

Kwa hiyo ninapendekeza kipimo kidogo, ambacho hakihitaji shahada ya umahiri. Ukitaka kujua nomino ina maana gani, tazama inashirikiana na vitenzi gani. Mstari huchorwa, hufuatwa, hupindwa, huvukwa. Ni vitenzi ambavyo mtu yeyote mwenye kijiti na vumbi anaweza kuvitenda. Laini husajiliwa, hufungiwa, hukatwa, hurudishwa. Na karibu kila mara mtendaji si wewe. Kidahizo kinachoandika tu "laini: kadi ya simu, njia ya umeme, makazi ya askari" kimesema kweli na kimeacha jambo lenyewe. Ningependa kuona kimoja kinachoongeza mfano wa matumizi wa namna hii: bibi amefungiwa laini aliyoitumia miaka mingi, kwa kuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe.

Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwenye simu yangu inaonyesha mbili. Moja haijawahi kukaa kwenye simu yangu hata siku moja. Iko Kahe, inapokea pesa za mpunga, na kila anayepiga namba hiyo anajua anampigia Bibi. Kwa mujibu wa kioo, ni yangu.